Tulipomtafuta Tintin katika Kuta za Brussels

Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayejifunza kusoma, unajua jinsi kitabu chenye picha kinavyogombewa. Sisi wenyewe tulikua hivyo. Tulipokuwa wadogo Kigoma, gazeti la Uhuru lilifika kwa treni, mara nyingi limechelewa, na baba alipokuwa akisoma habari za nchi sisi tulimvizia aliweke chini ili tuone Chakubanga kafanya nini safari hii. Baadaye likaja Sani, likapita mikono mingi hata likabaki vipande vipande.

Basi, mdogo wetu wa kike, ambaye ameolewa na kuishi Brussels kwa miaka mingi, alipotuarifu kwamba huko katuni zimepakwa kwenye kuta za majumba, nyingine zikipanda hadi ghorofa ya tatu na ya nne, watoto wetu hawakutupa nafasi ya kupumua. Kila jioni swali lilikuwa lile lile: tutakwenda lini? Tuliweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili, na likizo ya katikati ya mwaka ilipofika tukaondoka, sisi na binti yetu wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka 7. Baba yao alibaki na kazi zake.

Tulikaa siku kumi. Tunataka kuwasimulia akina mama wenzetu tuliyoyaona, maana mengi yalitufurahisha, na moja lilituondolea usingizi.

Kuta zinazosimulia

Brussels ni mji mkuu wa Ubelgiji, na ndipo zilipo ofisi nyingi kubwa za Umoja wa Ulaya. Ukiutaja mji huo watu huwaza mikutano na chokoleti. Lakini wenyeji wana jambo jingine la kujivunia, nalo ni hadithi za picha. Kwao si mchezo wa watoto peke yao. Babu anasoma na mjukuu anasoma, na vitabu vyenyewe vina majalada magumu, hupangwa kabatini pamoja na vitabu vingine vya heshima. Hapo ndipo alipoanzia Tintin, yule kijana mwandishi wa habari mwenye kishungi cha nywele na mbwa mweupe. Mchoraji wake, Georges Remi, aliyejiita Hergé, alizaliwa Etterbeek, ndani ya mji huo huo wa Brussels, mwaka 1907. Na wale Smurf, vijitu vya bluu ambavyo watoto wetu wanavijua kwa televisheni, walichorwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958 na Peyo, naye ni mzaliwa wa Brussels.

Mwaka 1991 halmashauri ya mji ilianza kuzipamba kuta tupu za majumba kwa wahusika wa vitabu hivyo. Mchoro wa kwanza, kazi ya Frank Pé, uko katika mtaa ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Soko la Makaa. Leo idadi imepita 60. Unatembea tu kwa miguu na ramani mkononi, na hakuna kiingilio. Mama mwenye watoto wawili katika mji wa Ulaya anajua thamani ya neno bure, hasa akishagundua kwamba hata choo kinalipiwa.

Shemeji yetu ni Mkongo wa Bukavu, mtu mpole mwenye Kiswahili chao cha Kivu ambacho watoto walikipenda mno. Yeye ndiye aliyekuwa akitutafsiria majina ya mitaa kutoka Kifaransa, na mchezo ukawa huo: Soko la Makaa, Mtaa wa Mchanga, Mtaa wa Juu. Katika Mtaa wa Dobi tulimkuta Lucky Luke, yule mchunga ng'ombe wa Marekani aliyebuniwa na Mbelgiji Morris mwaka 1946, na hatua chache mbele wamo Asterix na Obelix, ambao kwa kweli ni Wafaransa lakini wamepewa ukuta wao. Kuhusu Lucky Luke tulijifunza jambo ambalo mama yeyote atalipenda. Kwa miaka mingi alichorwa akiwa na sigara mdomoni. Mwaka 1983 Morris akaiondoa, akamwekea jani la nyasi badala yake, na mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani likampa nishani kwa ajili hiyo. Tulipowaeleza watoto, yule mdogo alitembea siku nzima na jani mdomoni.

Tintin mwenyewe tulimpata karibu na ile sanamu mashuhuri ya mtoto anayekojoa. Msishtuke, ndivyo ilivyo. Ni kasanamu kadogo ka shaba kasikofika hata kiunoni mwa mtu mzima, na watalii wanasukumana kukapiga picha. Mwanetu alicheka hadi akakaa chini barabarani, dada yake akajifanya hamjui. Mbele kidogo, ubavuni mwa jumba, Tintin anashuka ngazi za chuma pamoja na Kapteni Haddock na mbwa wao. Mchoro huo uliwekwa mwaka 2005. Watoto walisimama wakiwa wameinua shingo, hawasemi neno.

Kwa siku ya pili tunawashauri wenye kufika huko waende mtaa wa Marolles, sehemu ya watu wa kipato cha chini tangu zamani. Uwanja wake mkubwa una soko la mitumba kila siku, na soko hilo limekuwapo hapo tangu mwaka 1873. Hergé alilichora katika mwanzo wa hadithi yake moja, Tintin akinunua merikebu ya mfano. Sisi tulinunua birika. Katika mitaa ya kando wamo Quick na Flupke, watoto wawili watundu wa mjini, na Boule na mbwa wake Bill, ambao Jean Roba alianza kuwachora mwaka 1959. Vaeni viatu vya chini. Mawe ya barabara hizo hayana huruma kwa visigino.

Jumba lililokuwa duka la vitambaa

Siku ya tatu mvua ilinyesha, na mvua ya Brussels haina haraka ya kwisha. Tukaenda kwenye makumbusho ya katuni, Mtaa wa Mchanga. Jumba hilo lilijengwa na Victor Horta mwaka 1906, nalo lilikuwa duka la jumla la vitambaa, mali ya mfanyabiashara aitwaye Waucquez. Tuliposikia hivyo tukalitazama kwa jicho jingine. Ukiingia unapokewa na ngazi pana, nguzo za chuma zilizopindwa kama matawi, na juu kabisa paa la vioo linalomwaga mwanga wa mchana hadi chini. Mwenye kununua kitenge anajua kwamba rangi ya kitambaa haiangaliwi chini ya taa! Duka lilifungwa mwaka 1970, jengo likaachwa kuharibika, kisha likakarabatiwa na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1989.

Ukumbini imesimama roketi ya Tintin yenye miraba myekundu na myeupe. Hergé alimpeleka kijana wake mwezini katika vitabu viwili vya mwaka 1953 na 1954, miaka 15 kabla mtu wa kweli hajakanyaga huko. Ghorofani unaonyeshwa kazi inavyofanyika: kwanza penseli, kisha wino, kisha rangi, na maneno yakiwekwa katika viputo vyake. Binti yetu, ambaye hupenda kuchora, aliduwaa kuona michoro ya awali ilivyojaa mistari iliyokosewa na kurudiwa. Alidhani wakubwa hawakosei.

Kuhusu wanawake, tuseme ukweli, katika ulimwengu huo wa zamani walikuwa wachache. Ukihesabu wahusika wakubwa katika vitabu vya Tintin utampata Bianca Castafiore, mwimbaji mwenye sauti ya kupasua vioo, na baada yake unaanza kukuna kichwa. Kijiji cha Smurf kilikaa bila mwanamke hadi mwaka 1966, na huyo alipokuja alikuwa ametengenezwa na yule mchawi Gargamel ili awavuruge wanaume! Lakini nyuma ya pazia wanawake walikuwapo. Rangi ya bluu ya Smurf ilichaguliwa na Nine Culliford, mke wa Peyo, ambaye ndiye aliyekuwa akizipaka rangi kurasa za mumewe. Kijani kingepotea katikati ya majani na nyekundu ingeumiza macho, kwa hiyo akasema bluu. Jina juu ya jalada lilikuwa la mumewe.

Kitabu kilichokuwa kabatini

Sasa tufike kwenye lile jambo. Jioni ile tulirudi nyumbani tumelowa, mdogo wetu akapika wali na maharage ya nazi, na watoto wakaingia chumbani kwa binamu yao wa miaka 9 kuangalia vitabu vyake. Haukupita muda mwanetu akatoka na kitabu mkononi. "Mama, kwa nini hawa watu wamechorwa hivi?"

Kilikuwa Tintin nchini Kongo. Jirani alikuwa amemzawadia mtoto wa mdogo wetu vitabu kadhaa vya Tintin kwa pamoja, na hakuna mkubwa aliyevikagua kimoja kimoja. Tulikaa nacho mezani tukakifungua, na tunakiri kwamba tulikuwa tumesikia habari zake lakini hatujawahi kukiona. Watu weusi wote ndani yake wana midomo ileile minene na macho yaleyale ya kushangaa, kana kwamba wamezaliwa na mama mmoja. Wanasema lugha iliyovunjika. Gari la Tintin likigongana na treni yao, ni treni inayoanguka. Mwanamke ambaye mumewe ameponywa kwa kwinini anamwinamia kijana huyo. Na katika ukurasa wa mwisho wanakijiji wametengeneza sanamu za Tintin na mbwa wake, na kuna anayezisujudia.

Hadithi hiyo ilitoka mwaka 1930 na 1931 katika nyongeza ya watoto ya gazeti la Kikatoliki la Brussels, lililoongozwa na padri, Norbert Wallez. Wakati huo Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na padri huyo alitaka watoto wa Kibelgiji walipende koloni lao. Hergé alikuwa kijana wa miaka 23 na hakuwahi kukanyaga Kongo. Katika toleo la kwanza Tintin anaingia darasani misheni na kuwafundisha watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Kitabu kilipochorwa upya mwaka 1946, somo hilo liliondolewa, likawekwa la hesabu. Midomo ilibaki vile vile.

Mdogo wetu alikasirika, akataka kukitupa jikoni kwenye takataka saa ile ile. Shemeji akamzuia. Akasema taratibu, "Yaya, ile kitabu tulikuwaka nayo nyumbani Bukavu. Tulikuwaka tunacheka sana. Kisha unakuwa mukubwa, unaona kumbe ni weye banacheka." Yeye aliona heri watoto wakisome mbele ya wazazi kuliko kukisoma mafichoni. Mdogo wetu akasema kuna sumu ambazo mtu haonjeshi mtoto ili ajue ladha. Sisi tulikuwa katikati, tukimwonea huruma kila mmoja, na kwa kweli hatukuwa na jibu.

Tulipokuwa tukibishana, yule binamu mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, kwa Kifaransa ambacho mama yake ilibidi atutafsirie, kwamba shuleni kuna wavulana wanaomwita Coco. Coco ni yule mtoto mweusi anayemfuata Tintin katika kitabu kile. Walikuwa wakimwita hivyo tangu baada ya Krismasi.

Nyumba ilinyamaza. Mama yake hakujua. Miezi mitano au sita mtoto alikuwa anakwenda na kurudi na jina hilo mgongoni pamoja na mkoba, anakula, analala, na hasemi. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba alidhani ni jina la kitabuni tu, na vitabu huandikwa na watu wazima.

Mchoraji alipoandikiwa barua

Usiku ule hatukulala mapema. Tulimweleza binti yetu na binamu yake mambo tunayoyajua na yale ambayo shemeji aliyajua zaidi, maana ameishi na jambo hilo. Mwaka 2007 Mkongo anayeishi Brussels, Bienvenu Mbutu Mondondo, alipeleka malalamiko mahakamani dhidi ya kitabu hicho. Kesi ilikwenda miaka mingi. Mwaka 2012 mahakama ilikataa ombi lake, ikisema kitabu ni zao la fikra za wakati wake na hakikukusudia kuchochea chuki. Kwa hiyo bado kinauzwa. Mwaka 2023 kilitolewa tena na dibaji ya maelezo. Na tusidhani kwamba mambo hayo ni ya zamani peke yake: mwaka 2024 kitabu kimoja kipya cha Spirou, mhusika mwingine mkubwa wa Ubelgiji, kiliondolewa madukani kwa sababu ya jinsi kilivyowachora watu weusi.

Lakini kuna sehemu nyingine ya habari, na ndiyo iliyomgusa mwanetu mdogo. Mwaka 1934 Hergé alitangaza kwamba Tintin atakwenda China. Padri mwingine, Léon Gosset, aliyekuwa mlezi wa wanafunzi wa Kichina katika chuo kikuu cha Leuven, alimwandikia akimsihi awe mwangalifu, maana wanafunzi wake wangesoma. Hergé alisikiliza. Akajulishwa kwa Zhang Chongren, kijana wa Shanghai aliyekuwa akisomea uchongaji katika chuo cha sanaa cha Brussels. Zhang alimweleza habari za nchi yake, historia yake na namna ya kushika brashi, na maandishi ya Kichina yanayoonekana katika picha za kitabu kile ni ya mkono wake. Kikatoka Lotus ya Bluu, na kuanzia hapo Hergé akawa mtu wa kuchunguza kabla ya kuchora. Zhang alirudi kwao, vita vikaja, wakapoteana. Walikutana tena Brussels mwaka 1981, wote wazee, miaka miwili kabla Hergé hajafa.

"Yaani Wakongo hakuwauliza?" mwanetu akasema.

Hakuwauliza. Na si kweli kwamba hapakuwa na wa kuulizwa. Brussels hiyo hiyo iliwahi kuwa na Paul Panda Farnana, Mkongo mtaalamu wa kilimo, aliyepigana upande wa Ubelgiji katika vita ya 1914 na kutekwa na Wajerumani, na ambaye mwaka 1919 alianzisha huko Brussels umoja wa Wakongo wa kudai haki za watu wao. Alifariki kwao Kongo mwaka 1930, mwaka ule ule hadithi ilipoanza kutoka gazetini. Wazee Hergé alikiri kwamba kitabu kile kilikuwa kosa la ujana wake. Hakukichora upya kama alivyoichora China, na hilo sisi hatukuweza kumpunguzia.

Badala ya kuwauliza watu, alikwenda kwenye makumbusho ya koloni huko Tervuren, nje kidogo ya mji. Shemeji alitupeleka siku iliyofuata. Makumbusho hayo yalifungwa miaka mitano kwa matengenezo, yakafunguliwa upya Desemba 2018 kwa nia ya kusimulia habari kwa namna nyingine. Ndani ya chumba cha chini zimekusanywa sanamu ambazo hazifai tena kuonyeshwa kama zamani, na mojawapo ni ile ya mtu aliyevaa ngozi ya chui akimnyemelea aliyelala. Watoto waliitambua mara moja kutoka kitabuni. Chéri Samba, mchoraji mashuhuri wa Kinshasa, aliichora mwaka 2002: Waafrika wanaivuta kwa kamba kuitoa nje, na Wazungu wanaivuta kuirudisha ndani. Mwanetu aliiangalia picha hiyo kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote.

Kabla ya kuondoka tulipita kanisani Tervuren. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliletewa Wakongo 267 wakae katika vijiji vya maonyesho ili watu waje kuwatazama. Saba walikufa kwa baridi na maradhi, na makaburi yao yapo pale ukutani mwa kanisa, na majina: Ekia, Kitukwa, Mibange na wenzao. Hatukuwa na maneno. Tulisali kimya, tukawashika watoto mikono, tukarudi kwenye tramu.

Barua na kitabu

Jumatatu mdogo wetu alikwenda shuleni. Shule zilikuwa hazijafunga, zilibaki siku chache. Hakwenda kwa ukali, ingawa alikuwa nao. Alikuwa ameandika barua, na usiku tulimsaidia kuipunguza, maana ya kwanza ilikuwa na kurasa nne na ndani yake mlikuwa na Mfalme Leopold. Ya mwisho ilikuwa na ukurasa mmoja: jina analoitwa mtoto, tangu lini, limetoka kitabu gani, na ombi kwamba mwalimu azungumze na darasa kabla ya likizo. Mwalimu aliisoma palepale akiwa amesimama. Alisema hakujua jina hilo limetoka wapi, alidhani ni utani wa watoto. Akaomba kitabu akione. Mdogo wetu akamwachia, akasema hana haja ya kurudishiwa.

Ijumaa mtoto alirudi akasema wamesoma habari za Zhang darasani. Kuhusu wale wavulana alisema wawili wameacha na mmoja bado. Mama yake ameandika tarehe katika shajara yake, na shule zikifunguliwa atakwenda tena.

Siku ya mwisho tulikwenda Matonge, mtaa wa Wakongo katika kitongoji cha Ixelles, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Karibu yake kuna uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 2018. Hapo utapata sombe, ndizi, mafuta ya nywele na wasusi wanaokuita "mama" kabla hujafungua mdomo. Lugha inayosikika zaidi ni Kilingala na Kifaransa, lakini ukitega sikio utasikia Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi, na sisi tulitega. Tulisuka nywele za binti kwa bei ambayo hatutaitaja mbele ya baba yake.

Shemeji alikuwa ametafuta kitabu cha kuziba lile pengo kabatini. Mchoraji ni Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959, mmoja wa wachoraji wakubwa wa hadithi za picha wa Kongo. Kitabu chenyewe, Madame Livingstone, alikitoa mwaka 2014 pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, na kwa kuwa ni cha vita na cha watu wazima, wazazi walikubaliana wakisome wao kwanza, kisha wamwonyeshe mtoto kurasa zinazomfaa. Tulipokifungua mezani tulitulia kidogo. Ziwa lililochorwa humo ni Tanganyika. Mwaka ni 1915, na Wabelgiji wanaitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen.

Meli hiyo tunaijua. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwaka 1916 isitekwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 jina lake ni Liemba. Tulipokuwa wasichana tuliipanda kwenda Kasanga kumwona shangazi, tukilala juu ya magunia ya dagaa, na mdogo wetu akitapika njia nzima.

"Hiyo meli? Ya kweli?" yule binamu akauliza, akimtazama mama yake kana kwamba anamwona upya. Mama yake akavuta kiti, akaanza kwa Kiswahili, na kila alipokwama akaendelea kwa Kifaransa: jinsi meli ilivyopiga honi, jinsi mitumbwi ilivyoizunguka usiku katikati ya ziwa ikileta abiria na kuku. Sisi tuliongezea pale aliposahau, hasa kuhusu kutapika. Binti yetu alikuwa tayari ametoa karatasi na penseli, na aliuliza bomba la moshi lilikuwa mbele au katikati.

Tulibishana hadi chai ikapoa.